Baridi ya Kibabi

Juma lililopita frigo yangu ilinyamaza. Binti yangu akaniletea fundi, kijana mpole aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio, akainama nyuma ya frigo, akagonga huku, akagonga kule, kisha akaniuliza: "Mama, mbele inyamaze, ilikuwa nalia namna gani?"

Wee! Hakujua amemuuliza nani. Nikamwambia ilianza kwa kunguruma kila inapowaka, ikawa inatikisa chupa za mlangoni, halafu ikabaki kufanya tak, inapumzika, tak tena, bila kuwaka. Kijana akanyanyua kichwa akanitazama. "Mama, weye kazi hii ulifundishwaka wapi?" Nikacheka tu. Hakuwa na muda wa kusikia, na mimi sikuwa na hamu ya kusema. Lakini alipomaliza alifuta grisi mikononi kwa kitambaa alichokilowesha petroli ya taa, na ile harufu ikanikalisha chini.

Ninyi wenzangu wa umri wangu, mliotumwa dukani na chupa kwenda kununua petroli, yale mafuta ya taa, harufu hiyo mnaijua. Kwenu labda inaleta taa ya mezani na kitabu cha shule. Kwangu mimi inaleta baridi. Najua haieleweki, ngojeni niseme.

Sisi ni watu wa Kibabi, kule Masisi, watu wa maharagwe na muhogo na kanisa siku ya Mungu. Kwetu asubuhi ukungu unaingia nyumbani bila kubisha hodi, na mtoto anayetumwa mtoni anarudi na vidole vyekundu. Papa yangu alisoma uganga ule mdogo wa kuchoma sindano na kufunga vidonda, na siku moja wakubwa wake wakamwambia anahamishwa Walikale, chini kwenye pori, mbali kupita Kashebere. Lori lililokuja kutuchukua alfajiri lilikuwa tayari limebeba mzigo mmoja wa ajabu: kabati jeupe, refu kuliko Papa, lililofungwa kwa kamba za katani. Watu wa mlima walikuja kuliona. Papa alipowaeleza kwamba hiyo inaitwa frigo, na kazi yake ni kutengeneza baridi, walicheka mpaka wengine wakashika magoti.

"Baridi!" alisema Koko, baba yake Papa, akijifunga vizuri blanketi lake. "Batu ya Kibabi banabeba baridi! Si ungesema, mutoto wangu, tungekujazia mu kitunga."

"Njo hiyo ninabeba, Papa," Papa akamjibu. "Ninapeleka ya hapa kule chini, kuko joto sana."

Ilikuwa mzaha. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na lori, na nilikuwa ninaona kitu ambacho wakubwa hawakukiona. Kamba ya mlango ilikuwa imelegea, mlango wa frigo ulikuwa wazi kidogo, na ukungu wa Kibabi ulikuwa unaingia. Niliuona kwa macho yangu. Kisha dereva akaja, akausukuma mlango kwa bega, ukajifunga. Basi nikajua Papa hakutania.

Tulikuwa wanne kwenye lile lori: Papa, Mama mwenye tumbo kubwa, mimi, na Shangazi Marta. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Papa, aliyemlea tangu mama yao alipokufa, na mguu wake mmoja ulikuwa umevimba tangu zamani, hata kutembea mpaka chooni kulikuwa kwake safari. Kule Kashebere lori lilizama kwenye matope, na hapohapo Mama akashikwa na uchungu. Wanawake wa barabarani wakamsaidia, na ndugu yangu akazaliwa kando ya njia. Mnadhani alipewa jina gani? Safari, bila shaka.

Walikale, jamani, sikuipenda. Joto lile lilikuwa linakaa juu ya mtu. Mama alikuwa anasimama mlangoni jioni akipepea kanga na kusema, "Huku hata upepo ni mugonjwa." Sakafu ya dispanseri, ile zahanati ya Papa, ilikuwa ya udongo na ilikuwa imelala upande, na frigo ile haikutaka kulala upande, kwa hiyo iliwekwa sebuleni kwetu, penye sementi. Papa aliweka sahani ya maji juu yake, akaangalia maji yanakimbilia wapi, akachomeka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja, akaangalia tena, mpaka maji yakatulia katikati. Kisha akajaza petroli kwenye tangi lake la chini, akawasha utambi, na mwali mdogo wa buluu ukasimama.

Ndiyo, mwali. Frigo hizi za leo zinakula umeme; ile ilikula moto. Majirani walikuja, wakaona moto chini na barafu juu, wakaondoka wakitikisa vichwa. Shangazi Marta hakuizoea hata kidogo. "Moto inazaa baridi," alikuwa anasema. "Kama njo elimu, mimi nilifanya vizuri kubaki bila."

Ndani yake hamkuwa na nyama wala bia, msifikiri. Mlikuwa na vichupa vidogo vya dawa ya nyoka, ambavyo daktari mzungu alikuwa anavileta mara mojamoja, kwa kubana. Papa alitukusanya wote sebuleni, hata Safari aliyekuwa bado ananyonya, akatuambia maneno ambayo sijayasahau. "Hii dawa haipendi joto. Ikipata joto inakufa. Na ikikufa haionyeshe. Maji yake inabakia vilevile, safi. Kwa hiyo hii moto haizimwake. Munasikia? Haizimwake."

Tulielewa umuhimu wake siku walipomleta mama mmoja wa ng'ambo ya mto juu ya machela, ameumwa na nyoka shambani kwake, mguu umejaa na macho yamegeuka. Papa alifungua frigo, akachukua kichupa, akamchoma. Siku iliyofuata yule mama alikuwa amekaa anaomba ugali. Alipopona alileta ndizi, akaziweka chini mbele ya frigo, akasema kwa heshima zote, "Jambo, Mama Frigo, aksanti." Tulicheka sana. Papa hakucheka, alisema amefanya vizuri kusalimia.

Mimi nilikuwa na jina la mama yake Papa, kwa hiyo alikuwa ananiita Mama, na kazi ya masikio alinipa mimi. Kila asubuhi mbele ya kwenda dispanseri alikuwa anauliza, "Mama, inasema nini?" Ninabandika sikio ubavuni mwa frigo, kule nyuma penye mabomba, kwa sababu ile haikuwa na kelele kama za sasa, ilikuwa inanong'ona. Ikifanya gulu-gulu, gulu-gulu, taratibu, ni maji yake ya dawa yanazunguka kwenye mabomba, ni mzima. Ikifanya ta! ta! ni chuma kinapata moto ao kinapoa, hakuna ubaya. Ikifanya trrr, vichupa vinagusana, basi mguu umetoka kwenye ubao, leta sahani ya maji. Ikifanya fuuu na kunuka moshi, na mwali umekuwa wa njano, utambi umechafuka, uukate, usafishe bomba la moshi. "Na kama haisemi kitu?" nilimwuliza. "Kama haisemi kitu," Papa alijibu, "unikimbilie fasi yoyote niko."

Nilizishika zote, na nilikuwa nazijibu kama katekisimu. Lakini moyoni nilikuwa na maana zangu. Gulu-gulu haikuwa mabomba. Ilikuwa kile kijito kinachopita nyuma ya nyumba ya Koko, ninakijua mpaka jiwe linalokifanya kibadilishe sauti. Ta! ta! yalikuwa maharagwe ya Koko yaliyoanikwa uani, maganda yanapasuka kwa jua la saa nne. Fuuu ulikuwa upepo wa kwetu. Ile frigo ilikuwa imemeza Kibabi asubuhi ile kwenye lori, na Kibabi ilikuwa inaendelea kuishi ndani, na baridi na yote. Papa alipofungua mlango kuangalia vichupa, mimi nilikuwa nachomeka uso haraka nivute pumzi, na Safari alipoanza kutembea nikamfundisha naye. "Vuta," nilikuwa nikimwambia, "njo harufu ya kwa Koko." Masikini, Koko hakumwona hata siku moja, lakini alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote na kusema, "Koko!"

Nilikuwa na furaha ndogo ile, nanyi mnajua mtoto mwenye furaha ndogo haombi nyingine.

Halafu dereva wa lori akaleta habari kwamba Koko amekufa. Alisimama uani, kofia mkononi, Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mchi ukabaki juu. Papa alikuja kutoka dispanseri amevaa bado koti lake jeupe. Dereva alikuwa anageuza palepale kurudi Masisi, na mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nyuma ni mafuta ya mawese mpaka juu. Shangazi Marta alitoka amekwisha kujifunga kitambaa cha safari kichwani. Papa aliutazama mguu wake, akatazama juu ya mapipa yale, akamshika mikono.

"Dada, hautafika."

"Ni papa yangu," Shangazi alisema.

"Ninajua. Ni papa yetu. Lori ikizama, tutatembea kwa miguu. Hautafika, Dada."

Alikaa chini palepale kwenye udongo. Papa akamgeukia Mama, kisha mimi, akatwambia moto wa frigo tuuangalie, petroli ipo kwenye pipa, tukate utambi jinsi alivyotuonyesha. Akapanda. Lori likaondoka.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya ukoo wetu, maana wa siku hizi hawaijui na sijui kama naisikitikia. Mzee mkuu wa nyumba akifa, watoto wake wote, popote walipo, wanazima moto wa majumba yao. Hapikwi kitu, mnakula vya baridi ao mnavyoletewa na majirani. Moto mpya unawashwa na mtoto wa kiume aliyemzika, akirudi kutoka kaburini. Kule kwetu ni jambo la siku chache, mnakaa na blanketi, mnalia, basi. Hakuna aliyefikiri ya ukoo uliohamia pori.

Shangazi alizima mafiga kwa maji na majivu. Alizima na taa. Kisha akaingia sebuleni akijivuta kwa fimbo, akasimama mbele ya frigo, akainamisha kichwa mpaka akauona ule mwali wa buluu.

"Na huyu," alisema.

Mama alikuwa mlangoni na Safari mgongoni. "Hapana, Dada. Ile haiko moto ya kupika. Papa Safari amekataza."

"Moto ni moto."

"Iko na dawa ya batu ndani, Dada. Unajua."

"Ninajua." Shangazi alikuwa anasema polepole, hakuwa na hasira, ningependa angekuwa na hasira. "Mama Safari, mimi sitamuona papa yangu. Sitamushika hata muguu. Batamufunika na mimi niko huku na hii kitu ya kuvimba. Papa yangu iko baridi kule, na mu nyumba ya mutoto wake moto iko nawaka? Batasema nini? Batasema Marta alifanya nini kwa ajili ya papa yake?"

Mke aliyekuja kwa ndoa, mbele ya binti wa marehemu, siku ya msiba, angejibu nini? Kama angekataa, ingesemwa mpaka kaburini kwake kwamba hakumlilia baba mkwe. Shangazi akapiga goti moja, la pili likakataa kukunjika. Alijaribu kufikia chini akashindwa. Akanyoosha mkono bila kugeuka. "Nisaidie."

Mama alimfungua Safari mgongoni, akamkalisha chini. Kisha akaja, akavuta tangi nje kidogo, na Shangazi akapuliza.

Mimi nilibandika sikio. Gulu-gulu iliendelea bado kidogo, ikapungua, ikawa gulu moja, unangoja, moja nyingine. Halafu ta… ta… Halafu hakuna. Wala sikushtuka, na hili ndilo linaloniumiza nikikumbuka mtoto yule. Niliona ni haki. Koko amekufa, basi kijito chake kimesimama, maharagwe yake hayapasuki tena. Nilijiambia, kumbe frigo nayo imesikia habari.

Mvua ikaja. Ninyi mnaoijua barabara ile hamna haja ya kuelezwa: milima inashuka juu ya njia, madaraja yanaondoka, malori yanalala Kashebere mpaka madereva wanaota ndevu. Papa alizika, akataka kurudi, njia hakuna. Sisi tulikaa na nyumba isiyo na moto, majirani wanatuletea ndizi zilizopikwa, na frigo ikaanza kuvuja. Barafu yake yote ilitoka chini ya mlango ikawa ziwa dogo kwenye sementi, na Safari akaingia na miguu mitupu, anapiga-piga maji, anacheka. Nikamwambia huo ni mto wa Koko, umekuja kutuaga. Mama alituona akageuza uso.

Mara kadhaa nilimwona ameshika kiberiti, amesimama mbele ya frigo. Mara zote Shangazi alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, anamtazama. Mama anarudisha kiberiti kwenye kanga.

Papa alirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, matope mpaka kifuani. Aliingia mlangoni, akasimama. Hakuuliza hali, hakuvua mzigo. Aliinamisha kichwa upande, kama alivyonifundisha mimi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulienda," Mama alisema.

Alimtazama dada yake. Shangazi alikuwa anaangalia mikono yake. Nilingoja Papa apige kelele, hakupiga. Alikuwa ametoka kumzika baba yao wote wawili. Alikaa kwenye kiti, akatoa viatu kimoja kimoja, akalia, na mimi nikafikiri analilia Koko. Labda alikuwa analilia Koko pia.

Baadaye aliwasha mafiga, kama desturi inavyotaka, kisha akapiga magoti akawasha mwali wa frigo. Tukangoja. Ta! ta! ilisema, chuma kinapata moto, lakini gulu-gulu haikuja. Nilibandika sikio mpaka likauma. "Mama, inasema nini?" "Haisemi kitu, Papa." Alisafisha utambi, akaleta sahani ya maji, akasafisha bomba la moshi, haikusema kitu. Basi akaita wanaume, wakazima, wakaichukua frigo nzima wakaigeuza kichwa chini miguu juu, wakaiacha hivyo mpaka siku ya pili. Majirani walijua sasa muganga amepata wazimu kwa msiba. Shangazi alijifunika uso kwa kitambaa. Kumbe ile dawa ya mabomba ikisimama muda mrefu inalala mahali pabaya, na dawa yake ni hiyo, kuipindua ili ishuke. Dereva mmoja wa misioni alikuwa amemwambia. Siku iliyofuata wakaisimamisha, wakaiacha itulie, Papa akawasha.

Saa zilipita. Kisha nikaisikia, ndogo, mbali, gulu… gulu-gulu.

"Papa! Inasema! Inasema gulu-gulu!"

Niliruka, nikamshika Safari mikono tukazunguka sebule nzima. Kibabi imefufuka! Shangazi aliondoa kitambaa usoni, akasema, "Aksanti Yesu," akaanza kucheka na kulia pamoja. Hata Mama alitabasamu. Papa peke yake alifungua mlango, akachukua vichupa kimoja kimoja, akavinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa safi kabisa, maji matupu.

"Imepona, Papa Safari," Mama alimwambia, akitaka akubali.

"Frigo imepona," Papa akasema. "Frigo inasemaka ya kwake tu. Ya dawa haiwezi kutuambia."

Alituma habari kwa daktari na kila lori lililopanda, kwamba dawa imepata joto, walete nyingine. Jibu lilirudi: hakuna kwa sasa, atumie hiyo, labda bado nzuri. Labda. Akavirudisha vichupa ndani, na kila asubuhi akaendelea kuniuliza frigo inasema nini, ninamjibu gulu-gulu, anasema "vizuri", lakini hakuwa tena ananipapasa kichwa. Nilifikiri amenikasirikia.

Safari aliumwa saa za asubuhi, nyuma ya jiko, penye kuni. Alikuwa amefuata kifaranga. Hakulia kwa nguvu, alikuja kwetu akijikokota, anaonyesha kisigino, anasema, "Mwiba, mwiba." Shangazi Marta ndiye aliyeona matundu mawili ya meno ya nyoka. Alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo, akaanza kukimbia kumwita Papa, yeye na ule mguu, bila fimbo.

Papa alikuja, akamlaza kwenye meza ya kulia chakula. Alifungua frigo. Nilishika mkono wa Safari nikamwambia asiogope, anapewa dawa ya kwa Koko, ni baridi na nzuri, si anakumbuka yule mama wa ng'ambo ya mto? Akaitika kwa kichwa. Papa alichoma kichupa cha kwanza, tukangoja. Mguu ukaendelea kujaa. Akachoma cha pili. Mama alikuwa amepiga magoti upande wa kichwa, anamwimbia wimbo wa kanisa, anaukosea, anaanza upya. Cha tatu. Na muda wote ule frigo ilikuwa nyuma ya migongo yetu inafanya gulu-gulu, gulu-gulu, taratibu, mzima kabisa, haikuwahi kuimba vizuri vile.

Jua lilikuwa bado juu Safari alipokufa.

Kama dawa ilikuwa imekufa ao ilikuwa nzima na nyoka akaishinda, hakuna anayejua. Papa hakujua mpaka anazeeka. Mama hakumwambia Shangazi hata neno moja baya, nami nilikuwa nadhani huo ni wema. Leo nafikiri neno moja lingemsaidia. Baada ya siku ile Shangazi Marta hakugusa tena moto. Hakuwasha, hakuzima, hakuchochea hata kijiti. Hata tuliporudi Kibabi alikuwa anakaa na baridi yake mpaka mtu mwingine aamke. Alikufa hivyo, na tulipomzika, Papa, aliyekuwa kama mtoto wake, hakutaka desturi ya kuzima moto ifuatwe.

Lakini ninawarudisha sebuleni. Majirani walijaa uani wanalia. Safari alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amefunikwa kanga ya Mama. Ndani tulibaki sisi tu, na tulipomaliza kulia mara ya kwanza, ikabaki sauti moja. Gulu-gulu.

"Papa Safari," Mama alisema, bado anamwita hivyo, "ile kitu iko naongea."

Papa aliivuta kanga, akafunika mguu wa Safari uliobaki nje.

"Iko naongea, Papa Safari. Inyamaze."

Papa aliinuka, akaenda akapiga goti, akavuta tangi nje. Shangazi alikuwa amejibana kwenye kona ya mbali, mikono chini ya kwapa. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Ndugu yangu, kwa mutoto hapana. Kwa mutoto mudogo desturi haiombe."

"Ninajua, Dada," Papa alisema. Akapuliza.

Harufu ya petroli ikajaa chumba. Aliendelea kukaa palepale sakafuni, mgongo kwetu, na baada ya muda akaniita bila kugeuka.

"Mama. Inasema nini?"

Nilikwenda, nikabandika sikio. Gulu, nikangoja, gulu nyingine. Nilitafuta kijito cha Koko, nikatafuta lile jiwe. Yalikuwa mabomba. Ta… ikasema, chuma kinapoa, kama alivyonifundisha yeye. Nikabaki pale mpaka mwisho, kwa sababu ilikuwa kazi yangu.

"Haisemi kitu, Papa," nikamwambia.